Mkono Kwanza, Mizani Baadaye

Mume wangu hakuwahi kujua uzito wa kitu chochote. Ukimpa gunia atakuambia ni debe, ukimpa debe ataanza kuita watu wamsaidie kubeba. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyenitoa Kitale akanipeleka Lodwar tukafanye biashara ya vyuma kuukuu, kazi ambayo ukikosea uzito umekosea kila kitu. Nilimwambia siku ile ile tulipofika, "Baba watoto, wewe utakuwa wa kuendesha gari tu. Mambo ya kilo niachie mimi." Akasema sawa, akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya soko, umezungushiwa mabati, upande wa kuteremkia laga, ule mto wa mchanga unaokaa mkavu miezi na miezi halafu siku moja unabeba mbuzi wa watu. Tulinunua mabati yaliyotoboka, sufuria, rejeta za magari, vyuma vya vitanda vya hospitali. Lakini kilichotulisha hasa ni risasi. Sisemi ya bunduki. Nasema yale madini laini ya kijivu yaliyomo ndani ya betri za magari na za sola. Betri Turkana haizeeki, inauawa na joto. Na mwaka wa 2012, habari za mafuta kugunduliwa Turkana zilipoenea, magari yalijaa barabarani kama siafu, kila gari na betri yake ya kufa. Kakuma ndiko zilikokuwa nyingi zaidi, kwa sababu ya kambi ya wakimbizi na maofisi ya mashirika na taa za sola za kila duka. Mume wangu alikuwa akienda huko na pikapu katikati ya wiki, anarudi Jumamosi amejaza. Mimi nilibaki uwanjani na mizani.

Risasi haiangaliwi, inashikwa. Hilo ndilo somo la kwanza na nililirudia mpaka majirani wakalijua. Jicho limezoea mawe na mbao na chuma cha kawaida, kwa hiyo likiona kipande cha risasi cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, litasema nusu kilo. Siku ya kwanza kabisa mume wangu alisema hivyo, nusu kilo, kwa ujasiri wa mtu aliyesoma, akainama akiokote kwa vidole viwili. Vidole vikaja, kipande kikabaki chini. Kilikuwa kilo mbili na kitu. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye mchanga.

Mkono nao hauaminiwi mara moja. Unainua, unashusha, unainua tena polepole, na ile mara ya pili ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu mara ya kwanza mkono bado unashangaa. Uzito ukishaupata, unatafuta bei. Unakwaruza kwa ukucha: ikikubali alama, ni risasi laini, safi, ya bei ya juu. Ikikataa, imechanganywa na madini mengine, kama vile vipande vidogo vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke, na bei yake ni ya chini. Halafu unaiangusha juu ya jiwe. Risasi hailii. Inasema "du" na kunyamaza, na ikilia hata kidogo ujue mtu ameyeyusha akaficha nati ya chuma ndani. Walinijaribu wengi. Walitia nati, walitia kokoto, mmoja alitia kufuli nzima. Nilikuwa nawarudishia mzigo wao bila kuupandisha kwenye mizani, na maneno niliyowaambia sitayaandika hapa.

Kwa hiyo tukawa na desturi yetu. Kila kipande kinachoingia, kabla ya kupimwa, mimi na mume wangu tunakishika mmoja baada ya mwingine na kila mtu anataja kilo zake. Mkono kwanza, mizani baadaye. Anayekosea sana anachemsha chai. Nilikunywa chai yake miaka mitatu.

Mwaka uliotangulia ule wa mafuta, mama yangu mzazi alikuwa amefariki Kitale. Ugonjwa wake ulianzia kwenye ugali. Alisema unga wa siku hizi unakwama. Tukabadilisha unga. Halafu chapati ikakwama, halafu wali, halafu uji ukawa unateremka kwa shida, na tulipofika hospitali tukaambiwa ni saratani ya koo na kwamba tumechelewa. Nilimuuguza mwenyewe. Nilimbeba kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha barazani apate jua la asubuhi, na kila nilipombeba mkono wangu uliniambia kitu ambacho sikuwa nimeuliza. Hamsini. Arobaini na sita. Arobaini na moja. Jicho unaweza kulifumba, lakini mkono hauna kope. Mume wangu aliyaona hayo yote. Alikuwa akisimama mlangoni ameshika kofia yake, akinitazama.

Baada ya mazishi nilirudi Lodwar na woga ambao sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nitambeba mwingine. Na kwa kuwa watoto wetu walikuwa wakubwa na wako mbali, huyo mwingine angekuwa nani kama si yeye? Basi nikaanzisha mzaha. Jumamosi akirudi kutoka Kakuma, kabla hajanawa uso, namwita kwenye mizani kubwa, ile ya kusimama chini, yenye mkono wa chuma na kijiwe cha kusogeza. "Panda hapo nione kama wale Wahabeshi wa Kakuma wamekunenepesha." Anapanda, anavuta tumbo mbele kama tajiri, nasogeza kijiwe. Themanini na moja. Wakati mwingine themanini na mbili. Nilikuwa naguna kana kwamba haijalishi, halafu usiku huo nalala. Siku nyingine za wiki nilikuwa nasinzia tu.

Alijua kwa nini nampima. Hatukuwahi kulisema, lakini alijua.

Mvua fupi za mwisho wa mwaka zilikuwa zimegoma na joto lilikuwa la kupasua mawe wakati mambo madogo yalipoanza kubadilika. Kwanza alifuga ndevu. Nikamwambia anafanana na mhubiri aliyefukuzwa kanisani. Halafu akaanza kukataa ugali. Akasema amezoea vyakula vya Kakuma, supu ya Wasomali na chai yao ya maziwa, na kwamba jino la nyuma linamsumbua. Halafu akaja na mshipi. Ulikuwa mpana, wa turubai, unafungwa kiunoni chini ya shati, na alisema mtu wa duka la dawa huko Kakuma amempa kwa ajili ya mgongo, kwa sababu ya zile betri anazoinua. Alisema hatakiwi kuuvua. Mwanamume aliyekuwa akikaa kifua wazi Lodwar nzima ikimtazama, sasa anavaa shati pana na vifungo vyote. Usiku akawa analala juu ya mzigo kwenye pikapu, eti wezi wamezidi.

Sikushtuka? Nilishtuka. Mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa koo akisikia ugali umekataliwa anasikia kengele. Lakini Jumamosi ilikuwa ikifika, anapanda kwenye mizani, nasogeza kijiwe. Themanini na moja. Mama alianza kwa kupungua. Huyu hapungui. Nikajiambia ni jino.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akituletea vyuma kutoka mitaa ya pembeni, mzigo kichwani, shanga shingoni mpaka kidevuni, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja alitua mzigo, akasalimia, "Ejok, mama," nikaitikia, na badala ya kungoja kupimiwa akabaki ananitazama.

"Mama, mzee yako inakonda."

"Mzee wangu ana kilo themanini na moja. Nimempima juzi mwenyewe."

"Mimi naona shingo. Shingo inakonda."

"Ni ndevu hizo zinakudanganya. Mizani haidanganyi."

Akachukua pesa zake, akazifunga kwenye kona ya shuka. "Mizani hakuna macho, mama," akasema, na akaenda zake. Nilikasirika siku nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu kwamba jicho ni mwongo, na sasa mtu ananiletea jicho lake uwanjani kwangu.

Nilimweleza mume wangu jioni alipofika, nikitarajia tucheke. Alicheka kweli. Kisha akapanda kwenye mizani bila kuitwa. Themanini na moja. "Mimi ni kama jiwe la mizani," akasema, "unaweza kupimia watu wengine." Nami, mjinga wa Mungu, sikujiuliza ni mtu gani aliye hai ambaye uzito wake haupandi wala kushuka.

Alianguka Jumamosi, baada ya mvua kubwa za 2013 kuanza kunyesha huko juu na laga yetu kujaa mara moja na kukauka tena. Alikuwa ametoka tu kwenye mizani. Nilikuwa nimeona zile zile themanini na moja, nimeguna, nimegeuka kuandaa mahali pa kushushia betri. Nikasikia kishindo. Sikuwahi kusikia mtu anaanguka hivyo. Mtu akianguka anasambaa, mkono huku, mguu kule. Yeye alianguka akasema "du."

Yule mama wa Kiturkana alikuwapo, amekuja na mzigo wake. Alitupa kila kitu akatukimbilia. Mimi nikashika makwapa, yeye akashika miguu, tukainua pamoja. Kwenye makwapa, mkono wangu uliniambia hakuna mtu hapa. Nilihisi mbavu na shati. Miguu nayo ilipanda upesi. Lakini kiuno kilikataa. Kilibaki chini, kimejikunja mchangani, mpaka tukalazimika kumrudisha. Uzito wote ulikuwa umekaa pale katikati, mdogo, mkaidi, haujigawi. Nilikuwa nimeubeba uzito wa aina hiyo kila siku kwa miaka mitatu. Ningeujua hata nikiwa usingizini.

"Hiyo ni risasi," nikasema.

Yule mama alidhani nimepigwa na jua. Nikafungua vifungo vya shati, nikafungua kamba za mshipi. Turubai lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa fundi viatu, limegawanywa mifuko mifuko, na katika kila mfuko kulikuwa na bamba la risasi lililogongwa kwa nyundo mpaka likawa bapa na kupindwa kufuata tumbo. Tumbo lenyewe halikuwapo. Lile nililodhani ni kitambi chake lilikuwa turubai. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka kiuno kizima, mahali pengine pamepona na kuchubuka tena, na mifupa ya nyonga ilikuwa imesimama kama ya mama yangu.

Nilimbeba peke yangu mpaka kitandani. Mimi mwanamke, mume wangu mzima, mikononi. Na mkono ukasema bila kuulizwa: sitini na saba.

Yule mama wa Kiturkana alileta maji, akamlowesha kichwa, akakaa naye. Mimi nikarudi nje. Sijui nieleze vipi kilichokuwa kifuani mwangu isipokuwa niseme ukweli, kwamba ilikuwa hasira. Niliuokota ule mshipi. Nikauinua, nikaushusha, nikauinua tena polepole. Kumi na nne. Nikautupa juu ya mizani. Kumi na nne. Nikakwaruza bamba moja kwa ukucha na alama ikaingia kama kwenye siagi. Alikuwa amechagua ile laini kabisa, ya bei ya juu, ile ambayo kila siku aliniambia tusiiweke, tuiuze upesi. Hakuna aliyewahi kunidanganya kwa nati wala kufuli. Mume wangu alikuwa amenidanganya kwa risasi safi, na akajitia yeye mwenyewe ndani. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimekitafuta kwenye sahani, kwenye jino, kwenye chai ya Wasomali, na kilikuwa nguoni.

Alipozinduka nilikuwa nimeketi kando yake, mshipi mapajani. Aliutazama kwanza, ndipo akanitazama mimi.

"Umepima?"

"Nimepima."

"Mkono ulisema ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na mizani?"

"Kumi na nne."

Akatabasamu ndani ya zile ndevu. "Basi chai nachemsha mimi."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, matusi ambayo mwanamke aliyeolewa kanisani hapaswi kuyajua. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya Krismasi. Nilimuuliza alidhani itaisha vipi, kwamba ataendelea kuongeza mpaka siku nitakayozika mshipi mtupu? Alikuwa na namna ya kungoja hasira yangu ipite kama watu wanavyongoja laga ishuke ili wavuke.

"Nilikuona ukimbeba mama," akasema mwishowe. "Ulikuwa unataja kilo. Hukutoa sauti, lakini midomo ilikuwa inasema. Ulirudi huku ukawa hulali. Jumamosi tu ndiyo ulikuwa unalala." Akapumua kidogo, kwa sababu hata maneno yalikuwa yakipita kooni kwa shida. "Mama watoto, nilitaka ulale."

Nikautoa mshipi mapajani, nikaenda kuchemsha chai mwenyewe.

Tuliondoka kesho yake. Barabara ya Kitale ilikuwa imeharibika, na Kainuk, penye majambazi, tulingoja magari yakusanyike ndipo tupite pamoja na askari. Yeye alilaza kichwa mapajani mwangu, na mimi nikatazama vilima ili nisihisi. Hospitalini Eldoret walimpima na kumpiga picha na kutuambia yale niliyokuwa nimeshaambiwa mara moja maishani. Watu wameniuliza kama ni risasi iliyomwua. Niliwauliza madaktari swali hilo hilo. Walisema hawawezi kusema ni risasi, koo lake lilikuwa na ugonjwa wa mama yangu, na ugonjwa huo umewamaliza wengi huko kwetu ambao hawajawahi kushika betri. Kama angekuja mwaka uliopita? Daktari kijana aliangalia kalamu yake. Nikamwambia basi, usijibu.

Nilimuuguza miezi mitatu nyumbani Kitale. Nilimbeba kwenda kwenye kiti cha barazani, kiti kile kile. Sitini na mbili. Hamsini na saba. Nilijifunza kuuma midomo ili isitaje, lakini alikuwa akinitazama usoni na najua alisoma kila kilo. Siku moja, nikiwa nimemwinua, akaninong'oneza sikioni, "Hamsini." Nilikuwa nimepata hamsini na mbili. Nikamwambia amekosea, chai ni yake. Alicheka bila sauti, mwili wote ukitikisika mikononi mwangu, mwepesi, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka.

Mazishini mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema mficha maradhi kifo humuumbua, tujifunze kutoka kwa ndugu yetu. Nilitaka kumpiga kwa kiti. Methali ni ya kweli na iko mahali pake, sikatai. Lakini yeye hakujua lililofichwa lilifichwa kwa ajili ya nani.

Nilirudi Lodwar kwa sababu sikujua kazi nyingine. Uwanja ulikuwa kama tulivyouacha, betri zimepangwa, mchanga umeingia kila pembe. Mnunuzi wa kutoka Kitale alikuja na lori, akapakia risasi yote. Alipofika kwenye mshipi akaushika, akakwaruza kwa ukucha, akasema, "Mama, hii ni daraja la kwanza. Mbona imeshonwa?" Nikamwambia itoe kwenye turubai uende nayo, kilo kumi na nne. Hakuipima. Hakuna aliyekuwa akibishana na mkono wangu. Niliuza, ndiyo. Ningefanya nini nayo, niitundike ukutani? Turubai nililiosha, nikalikausha juu ya mabati, na ninalo mpaka leo.

Ilibaki Kakuma. Kama biashara ingeendelea, mtu alipaswa kwenda huko kununua, na mtu huyo sasa nilikuwa mimi. Nikakodi dereva wa pikapu yetu, tukaenda. Katika miaka yote ile nilikuwa nimefika Kakuma mara mbili tu. Muuzaji wetu mkubwa alikuwa mama wa Sudan Kusini aliyekaa kambini tangu ujana wake, mjane, mrefu kama mlango, mwenye mashine ya kusaga nafaka na kibanda kando yake alikokusanyia betri mbovu za sola. Mume wangu alimtaja sana. Nilimkuta amejaa unga mpaka kwenye nyusi, msalaba wa mbao shingoni, akigombana na mtu juu ya mtama. Dereva alipomwambia mimi ni nani, alizima mashine. Kimya kilichofuata kiliwafanya watu wote wa foleni wageuke.

"Mama ya Lodwar," akasema. Akanishika mikono yote miwili. "Malesh, mama. Malesh. Mimi nasikia, mimi nalia."

Alinikalisha juu ya gunia, akaniletea chai. Nyuma yake ilikuwapo mizani ya kusimama chini, ndugu wa ile yangu, ya kupimia nafaka. Niliitazama na yeye akaona ninaitazama.

"Mzee alikuwa anapanda hapa," akasema. "Kila safari. Mimi nauliza, mzee, wewe ni mtama? Yeye anacheka."

Nikamwomba anieleze. Akasema kalas, yameisha, hakuna siri tena. Mume wangu alikuwa akifika, anapanda mizani, anaangalia amepungua kiasi gani. Halafu anaingia kwenye kibanda kutafuta kipande cha kujazia. Hakuwa akipima kipande. Mama huyo alikuwa akimwambia, mzee, mizani iko hapa, weka tu. Yeye anakataa. Anakishika, anainua, anashusha, anainua tena polepole, anataja kilo. Ndipo anakiweka juu ya mizani.

"Mwanzo anakosea. Anakosea sana!" Alitaka kucheka, akaacha. "Anasema, bibi yangu iko na mkono ya Mungu, mimi iko na mkono ya ugali. Lakini anakataa kupima kwanza. Anasema, nyumbani kwetu ni mkono kwanza. Badaye kidogo kidogo anapata. Badaye hakosei tena."

Chai ilikuwa tamu mno na moto mno na nilikunywa yote.

Akainuka, akaingia kwenye kibanda, akakaa huko kidogo nikisikia akisukuma betri. Alirudi amebeba mfuko mtupu wa unga uliofungwa kwa kamba. "Hii aliacha. Safari ya mwisho. Anasema, weka hii, safari inayokuja nitahitaji." Akaufungua. Ndani kulikuwa na kipande cha risasi cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia.

Alinipa. Nilikipokea kwa mikono miwili, kisha nikakihamisha kwenye mmoja. Nikainua, nikashusha. Nikainua tena polepole.

"Kilo mbili na nusu," nikasema.

Akakichukua, akakiweka juu ya mizani, akasogeza kijiwe kwa kidole chenye unga mpaka mkono wa chuma ukatulia. Mbili na nusu.

"Na mzee," akasema, "alisema hiyo hiyo."